Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Elimu na Utamaduni wa Louisiana: Mpeni Mpiga Fidla Kipindi Chake

Kwa waheshimiwa wabunge wa Baton Rouge, wakuu wa Idara ya Elimu ya jimbo, wajumbe wa bodi za shule za parokia zetu (ndivyo wilaya zinavyoitwa huku), na ninyi mliokabidhiwa utamaduni na utalii wa Louisiana,

Baada ya salamu na heshima zote, nawaandikia kuhusu marehemu Dewey Balfa, mpiga fidla na mwimbaji wa Kikajuni aliyezaliwa karibu na mji mdogo wa Mamou tarehe 20 Machi 1927 na kufariki tarehe 17 Juni 1992. Sina haja ya kuwajulisha jina lake, kwa kuwa mnalijua na hulisikia majukwaani. Ninachotaka kuwakumbusha ni ile sehemu ya kazi yake ambayo haitoshei kwenye hotuba ya kufungua tamasha. Mtu huyu alikuwa mwalimu, na alitaka fidla na Kifaransa cha nyumbani viingie darasani pamoja. Imepita miaka zaidi ya thelathini tangu azikwe, na hadi leo, kwa jinsi ninavyoona mimi, mpiga fidla huingia shuleni kama mgeni wa sikukuu.

Mimi ni dereva wa basi la shule kusini-magharibi mwa jimbo hili, na asili yangu ni Taita, Kenya. Nakala ya Kiingereza ya barua hii mtaipata kwa posta. Hii ya Kiswahili ndiyo niliyoianza, kwanza kwa sababu ninayoyasema yanahusu lugha na nisingependa kuyasema kwa lugha ya kuazima, na pili kwa sababu wapo wasomaji wengi wa Kiswahili ambao wangefaidika kumjua Dewey Balfa, ingawa hawajawahi kuisikia fidla yake. Kwa hiyo mtanisamehe nikieleza mambo ambayo ninyi mmezaliwa mkiyaona.

Wakajuni ni wazao wa Wafaransa waliokuwa wamekaa Acadie, katika nchi ambayo sasa ni mashariki mwa Kanada, hadi Waingereza walipoanza kuwafukuza mwaka 1755. Familia zilitawanywa kwa meli huku na huko, na kuanzia miaka ya 1760 baadhi yao wakafika Louisiana, wakajenga kandokando ya mito na kwenye mbuga za magharibi, wakachanganyika na waliowakuta na waliowafuata. Katika mbuga hizo, kwenye parokia ya Evangeline, Charles Balfa, baba yake Dewey, alikuwa mkulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba. Alilima ardhi isiyokuwa yake, na jioni alipiga fidla. Watoto wake waliipata fidla hiyo kwa masikio, bila karatasi yenye noti wala mwalimu wa kulipwa, na hapakuwa na mtu aliyewaambia kwamba wanachojifunza ni sanaa. Will, aliyekuwa mkubwa, alipiga fidla. Dewey alipiga fidla na vinginevyo. Rodney alishika gitaa na kuimba. Harry alishika kodiani. Na Burkeman alishika kile chuma cha pembetatu kiitwacho 'tit fer, ambacho zamani kilikunjwa kutokana na meno ya reki ya kukusanyia nyasi kavu.

Muziki wenyewe ulikuwa wa nyumbani kwa maana halisi ya neno hilo. Jumamosi familia moja ilitoa meza na vitanda nje, jirani wakaja kwa miguu na kwa farasi, na sebule ikawa uwanja wa dansi. Watoto walilazwa chumba cha ndani, na ndipo dansi za namna hiyo zikapata jina la fais do-do, maneno ambayo mama humwambia mtoto anapombembeleza alale. Mwimbaji alilazimika kuimba kwa sauti ya juu iliyokazwa kooni, kwa sababu hapakuwa na kipaza sauti na alishindana na miguu ya watu kwenye mbao. Mnapomsikia Dewey katika santuri akivuta neno la mwisho wa mstari hadi karibu likatike, mnasikia ile sebule.

Naomba nikae kidogo kwenye fidla, kwa kuwa hoja yangu imo humo. Fidla ya Kikajuni haipigwi kama ya okestra. Upinde hugusa nyuzi mbili kwa pamoja, mmoja ukibeba wimbo na wa pili ukivuma kando yake kama nyuki mzingani, hivi kwamba mpigaji mmoja husikika kama wawili. Kodiani yao ni ndogo, ya vitufe kumi, na mara nyingi hutengenezwa kwa sauti ya C. Haiwezi kuifuata fidla kila inakotaka kwenda, kwa hiyo fidla ndiyo hujishusha. Wapigaji wengi hulegeza nyuzi zote nne kwa hatua moja nzima, vidole vikakaa mahali vilipozoea huku sauti ikilingana na kodiani, na kulegea huko huipa fidla mlio mzito wenye mkwaruzo kidogo. Kisha kuna fidla ya pili. Dewey alipoongoza wimbo, kaka yake Will alimfuata kwa nyuzi za chini, akipiga mapigo na viitikio, akimshikilia mwenzake asipeperuke. Hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha mtoto lini aushushe upinde ili amwachie nafasi anayeongoza. Hilo hufundishwa na mtu mzima aliyekaa naye goti kwa goti, tena si siku moja.

Wakati nyumbani wakijifunza hayo, shule ilikuwa ikiwafundisha kinyume chake. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 iliamuru masomo yatolewe kwa Kiingereza tu, na walimu wakaitekeleza kwa fimbo, kwa kupigisha watoto magoti, na kwa kuwaandikisha mamia ya mistari ya kuahidi kwamba hawatasema tena Kifaransa katika eneo la shule. Wazee wengi wa kizazi hicho wamesimulia jinsi mtoto wa miaka sita alivyojikojolea kwenye dawati kwa sababu hakujua kuomba ruhusa kwa Kiingereza. Mimi simulizi hizo hazikunishangaza hata kidogo. Katika shule ya msingi niliyosoma, mtoto aliyeteleza akasema Kidawida uani alivishwa kibao shingoni, nasi tulikiita diski, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake akisema neno la kwao. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Nilikivaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na ninajua vizuri kile ambacho mtoto hujifunza kutokana nacho: hujifunza kumwonea haya mama yake anapokuja shuleni.

Haya hiyo ndiyo iliyoingia pia katika muziki wa Kikajuni. Kufikia ujana wa Dewey, walikuwapo Wakajuni wenyewe waliouita muziki wao chanky-chank kwa dharau, kana kwamba ni mlio wa vyombo vya jikoni. Yeye hakuacha kupiga, lakini hakuishi kwa fidla. Alilima, aliuza bima, alikuwa na duka la samani mjini Basile, na aliendesha basi la shule, jambo ambalo, niwaambie ukweli, ndilo lililonifanya nianze kumfuatilia. Mwenzake aliyepiga naye sana, Nathan Abshire, mmoja wa wapigaji kodiani wakubwa ambao jimbo hili limewahi kuwa nao, alikuwa mlinzi wa jaa la taka la mji huo huo. Wangekuwa mlinzi wa jaa na muuza bima tu, tusingekuwa na la kusema. Lakini Jumamosi usiku watu hao hao walikuwa maprofesa.

Mwaka 1964 Ralph Rinzler, aliyekuwa akitafuta wanamuziki wa asili kwa ajili ya Tamasha la Newport katika jimbo la Rhode Island, alichukua kikundi kutoka huku. Dewey aliitwa dakika za mwisho kuziba pengo, tena kwa gitaa, si kwa fidla: Gladius Thibodeaux alishika kodiani, na Louis Lejeune, waliyemwita Vinesse, ndiye aliyekuwa na fidla. Hata kabla hawajaondoka, gazeti la Opelousas lilikwisha kuwabeza kwa wazo la kwenda kuwasikilizisha watu wa mbali kelele za namna hiyo. Dewey alisimulia baadaye kwamba alikuwa hajawahi kupigia watu zaidi ya mia mbili, na huko Newport alikuta 17,000, nao hawakukubali washuke jukwaani.

Mtu mwingine angerudi na kiburi, au asingerudi kabisa. Dewey alirudi akisema kwamba anataka kuuleta nyumbani mwangwi wa makofi yale. Naomba mlitafakari neno hilo, mwangwi. Alikuwa ameelewa kwamba shida ya watu wake haikuwa kukosa muziki. Shida yao ilikuwa kwamba hawakuwahi kuusikia ukirudi kwao ukiwa umeheshimiwa. Kwa hiyo akaanza kazi ya kuchosha, isiyo na jukwaa. Pamoja na Rinzler na watu wengine wa Mamou alishiriki katika jumuiya ndogo iliyoandaa mashindano ya wapigaji wa asili kwenye sherehe za mavuno za miji yetu, na zawadi za fedha zikatolewa kwa wazee ambao hawakuwahi kupewa hata asante. Alimwendea Floyd Soileau, mwenye studio na duka la santuri mjini Ville Platte, akamwomba amrekodi yeye na ndugu zake wakipiga muziki wa kale, bila ngoma za kisasa wala vyombo vya umeme. Soileau alisita, kwa sababu aliyajua masoko, na soko la muziki huo lilionekana kufa. Dewey hakumwachia mpaka akakubali. Santuri ilitoka, ikauzwa kuliko alivyotarajia muuzaji mwenyewe, na ndugu hao wa Balfa wakaenda Newport mwaka 1967, na baadaye wakasafiri Marekani, Kanada na Ulaya wakiwa na Kifaransa chao cha mashambani vinywani.

Baraza la Maendeleo ya Kifaransa Louisiana, ambalo sote tunaliita CODOFIL, liliundwa mwaka 1968 chini ya James Domengeaux. Nalitaja kwa heshima, maana bila hilo shule zenu zisingekuwa na Kifaransa hata kidogo. Lakini hapo mwanzo lilitegemea Kifaransa cha vitabu na walimu wa kutoka ng'ambo, na wakubwa wake hawakuona wapiga fidla wa Mamou wanaingia wapi. Dewey na wenzake, akiwamo Barry Ancelet, aliyekuwa kijana wakati huo, ndio waliolisukuma. Matokeo yake yalionekana tarehe 26 Machi 1974, usiku wa mvua kubwa, katika ukumbi wa Blackham Coliseum mjini Lafayette, CODOFIL ilipoandaa onyesho la heshima kwa muziki wa Kikajuni. Waandaaji waliamua kwa makusudi kwamba hapatachezwa dansi. Watu wangekaa vitini na kusikiliza, kama wanavyosikiliza watu wa mijini kwenye kumbi zao. Wakaja wapatao 12,000, wengi kuliko ukumbi ulivyoweza kuwameza. Wapo waliokuwa wakiusikiliza muziki wa baba zao kwa utulivu mara ya kwanza katika maisha yao, na tamasha kubwa la Lafayette mnalojivunia sasa limetokana na usiku huo.

Ninaweza kuendelea na sifa, lakini nataka kufika shuleni.

Baada ya tamasha lile Dewey aliona kwamba ukumbi uliojaa hautoshi. Watu hupiga makofi, huenda nyumbani, na mtoto aliyekuwa amebebwa begani amelala. Alikuwa na kawaida ya kusema kwamba utamaduni wake si bora kuliko wa mtu mwingine yeyote, ila hatakubali uitwe wa daraja la pili, na kwamba anatarajia kila mtu auhisi wake hivyo hivyo. Maneno kama hayo hayamfikii mtoto kupitia hotuba. Kwa hiyo, katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, kwa msaada wa ruzuku ya Mfuko wa Taifa wa Sanaa, alianza kuzunguka mashuleni na fidla yake. Alisimama mbele ya watoto katika majengo yale yale ya serikali ambamo kizazi chake kilipigishwa magoti, akaongea nao Kifaransa kile kile kilichokatazwa, akawapigia, akawaeleza wimbo unasema nini, nani aliuimba, na jinsi sebule ilivyokuwa ikiondolewa vitanda. Alifundisha pia walio mbali: kwa kampuni ya Folkways alitengeneza, pamoja na Tracy Schwarz, santuri za mafunzo ambamo humsikia akiuvunja wimbo vipande vipande kwa subira, upinde kwa upinde. Baadaye chuo kikuu cha Lafayette kikampa nafasi ya kufundisha.

Kazi hiyo aliifanya akiwa na msiba kifuani. Katika miaka hiyo ajali ya gari iliwaua Will na Rodney kwa pamoja, fidla ya pili na gitaa vikanyamaza siku moja, na muda si mrefu baadaye mkewe Hilda naye akafariki. Ninavyofikiri mimi, na hii ni fikra yangu tu ya udereva, ni kwamba mtu aliyempoteza ndugu aliyekuwa akimshikilia kwa nyuzi za chini hawezi tena kupiga kama zamani. Anachoweza ni kumtafuta mwingine wa kukaa upande ule. Dewey aliwatafuta miongoni mwa vijana. Michael Doucet alikuwa tayari amemjia kujifunza, kama alivyowaendea wazee wengine. Steve Riley alikuwa bado kijana wa shule alipoanza kupiga kodiani pembeni yake. Na binti yake Christine, baada ya kifo cha baba, alianzisha pamoja na Dirk Powell kikundi walichokiita Balfa Toujours, yaani Balfa daima, na tangu mwaka 2001 kumekuwa na kambi ya mafunzo yenye jina la Dewey, ambayo kwa miaka mingi ilifanyika katika hifadhi ya Chicot karibu na Ville Platte.

Serikali ya taifa ilimtambua mwaka 1982, katika kundi la kwanza kabisa la waliopewa Tuzo ya Urithi wa Taifa, yeye pamoja na wanamuziki kama Bill Monroe, Lydia Mendoza na Sonny Terry. Sijui kama kuna heshima ya juu kuliko hiyo kwa mtu aliyeuza viti na kabati.

Sasa niseme nililoliona mwenyewe. Mwaka mmoja, wiki ya Mardi Gras, yaani sherehe za kabla ya Kwaresima, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa nimeegesha basi nikaingia ndani kunywa maji. Ukumbi wa chakula ulikuwa umejaa. Kwenye kona, kati ya pipa la taka na mashine ya maziwa, aliketi mzee mwenye fidla. Kasha lake lilikuwa limefungwa kwa mkanda wa suruali kwa sababu kibano chake kilivunjika. Alipewa dakika ishirini, na watoto wakaambiwa wale kimya. Alipiga nyimbo mbili, akaimba ya tatu. Msichana mmoja wa darasa la nne hivi alisogea na sinia lake, akasimama karibu sana na upinde, akauliza lile neno alilolirudia mwishoni lina maana gani. Mzee akatabasamu, akaanza kueleza, akatafuta neno la Kiingereza, akakosa, akaanza upya kwa Kifaransa polepole. Kengele ikalia. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimshika msichana bega akamrudisha kwenye mstari. Yule mzee aliendelea kueleza sentensi yake hadi mwisho, akimweleza kiti.

Msichana huyo hupanda basi langu. Alhamisi ile jioni alikaa kiti cha mbele, akaniuliza kama mimi ninalijua neno lile. Sikulijua.

Waheshimiwa, hilo ndilo ombi langu lote, ila nalieleza kwa urefu kwa sababu najua barua fupi huwekwa pembeni. Naomba mpiga fidla apewe kipindi kwenye ratiba, kila wiki, mwaka mzima wa masomo, katika shule za msingi za parokia zinazosema au zilizowahi kusema Kifaransa. Alipwe kama anayefundisha, wala si kwa bahasha ya shukrani na sahani ya gumbo. Na akifundishe chombo chake katika lugha ya nyimbo zake. Sisemi shule zote kwa siku moja. Zipo shule ambazo masomo yote ya mtoto mdogo hufundishwa kwa Kifaransa, na mmeziongeza: École Saint-Landry ilifunguliwa Sunset mwaka 2021, na École Pointe-au-Chien mwaka 2023, kwa ajili ya jamii ya Wahindi Wekundu ambao wazee wao walinyimwa shule kabisa kwa miaka mingi. Anzeni huko. Walimu wengi wa shule za namna hii hutoka ng'ambo, na wanafanya kazi nzuri mbali na kwao. Nami kama mgeni mwenzao ninawaheshimu. Lakini mwalimu aliyetoka Ubelgiji hawezi kumwambia mtoto wa Mamou jinsi nyanya yake alivyolitamka neno la wimbo, na mzee wa Mamou anaweza. Wawekeni wawili hao chumba kimoja.

Nimekwisha kuambiwa kwamba mzee huyo hana cheti. Ni kweli, na utaratibu wa kuwalinda watoto lazima ufuatwe, awe mzee au kijana. Achunguzwe kama nilivyochunguzwa mimi kabla ya kukabidhiwa funguo za basi. Lakini cheti cha ualimu ni jambo jingine. Ikiwa chuo kikuu kiliweza kumpokea Dewey Balfa kama mwalimu, bodi ya shule ya parokia inaweza kutunga daraja la mwalimu wa sanaa za asili, asimame na mwalimu mwenye cheti darasani, kila mmoja akifanya anachokijua.

Nimeambiwa pia, tena na wapenzi wa muziki huu, kwamba fidla ya Kikajuni haifundishwi darasani, hurithiwa jikoni. Hoja hii nilikuwa nikiiheshimu zaidi nilipokuwa sijui ni jikoni ngapi bado zina mtu wa kurithiwa. Dewey mwenyewe hakuiona sebule kama mahali patakatifu pasipobadilika. Alishikilia kwamba kitu kisichobadilika hufa, mradi kibadilike ndani ya mipaka yake. Aliyekubali kuuweka upinde wake kwenye santuri ili mgeni asiyemjua ajifunze asingekataa chumba chenye dirisha na watoto ishirini. Ninachoogopa mimi ni kinyume chake, yaani kwamba mtakubali halafu mkaufanya muziki kuwa mtihani, mtoto akaulizwa Dewey Balfa alizaliwa lini, achague kati ya majibu manne. Kama ni hivyo, bora tumwache yule mzee ukumbini na maziwa yake.

Jambo moja zaidi, nalo si dogo. Msiupeleke muziki huu darasani kana kwamba ulikuwa wa weupe peke yao. Canray Fontenot, Mkrioli mweusi aliyezaliwa upande huo huo wa Basile mwaka 1922, alitengeneza fidla yake ya kwanza kwa kasha la sigara, akaiwekea nyuzi alizozichomoa kwenye wavu wa mlango. Alikwenda Newport mwaka 1966 na Bois Sec Ardoin, akapata tuzo ya taifa ile ile miaka minne baada ya Dewey. Nyimbo zilivuka ua ambao watu hawakuruhusiwa kuuvuka. Darasa linalomfundisha mmoja bila mwingine litakuwa limesema uongo nusu, na watoto ninaowabeba kila asubuhi, wa rangi zote, watautambua.

Fedha zipo kiasi gani ninyi ndio mnajua. Ninachojua mimi ni kwamba picha za fidla na kodiani hutumika kuwaita watalii katika jimbo hili, na kwamba mtalii hulipia chumba, chakula na muziki. Si vibaya sehemu ya fedha hiyo ikarudi kumnunulia mtoto wa darasa la nne fidla ya ukubwa wake, maana fidla ya mtu mzima haimtoshi mkono, na kumlipa mzee mafuta ya gari lake.

Naomba mnijibu kabla ratiba ya mwaka ujao wa masomo haijapitishwa. Nitafika kwenye kikao cha bodi chochote mtakachokitangaza, na nitazungumza dakika tatu kama kanuni inavyosema. Atakayependa kunijibu ana kwa ana atanikuta langoni saa tisa alasiri, injini ikiwa imezimwa, nikiwasubiri watoto. Na kama kati yenu yupo anayelijua lile neno la mwisho wa wimbo, naomba aje nalo, kwa maana kuna mtu kwenye kiti cha mbele ambaye bado anauliza.

Wenu mtiifu,

Dereva wa basi la shule, kusini-magharibi mwa Louisiana